Dereva Asiyetazama

Kama kuna mtu pale kijijini Ekeshult aliyejua kulungu hutokea wapi barabarani, saa ngapi na kwa nini, mtu huyo alikuwa Sixten Ljunghed. Muulize yeyote. Au muulize Sixten mwenyewe, ingawa hakuwa na haja ya kuulizwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msakaji wa zamu. Dereva akigonga mnyama hupiga nambari ya dharura, polisi humpigia Sixten, naye Sixten huja na bunduki na kijibwa chake cha miguu mifupi, Doris, kumtafuta mnyama aliyekimbilia msituni na jeraha, asije akafa taratibu kwa mateso. Ilikuwa kazi ya kujitolea, kazi ya heshima, na aliifanya vizuri. Shida yake ilikuwa mdomo.

Maana kabla ya kuingia msituni ilikuwa lazima ahubiri. Dereva wa watu amekaa ukingoni mwa barabara, machozi yanamtoka, na Sixten amesimama mbele yake, mikono nyuma, kizibao cha rangi ya chungwa kimefungwa mpaka kooni, anasema yale yale: "Hakuna mnyama anayetokea ghafla. Kuna dereva asiyetazama." Akishasema hunyamaza kidogo ili maneno yamwingie mtu vizuri. Yaliwaingia, ndiyo. Kuna mama mmoja alihama njia kabisa, akawa anazunguka kilomita kumi na mbili kwenda kazini, na si kulungu aliyekuwa akimkwepa.

Kila mwezi wa Aprili alifundisha kwenye ukumbi wa chama cha wawindaji, na hapo aliongeza kipande alichokipenda kuliko vyote. "Madereva ni waongo," alisema huku akiinua vidole vitatu. "Uongo wa kwanza: sikuwa naenda kasi. Wa pili: alitoka ghafla. Wa tatu: nilimwona vizuri, hakuumia, alijiendea zake." Ukumbi ulicheka. Sixten alicheka pia, cheko la mtu ambaye hajawahi kugonga hata panya.

Sasa, huyo hodari wa kuona ya wenzake, macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kumtoroka. Ilianza na gazeti. Alilisogeza mbali, akalisogeza tena, mkono ukaisha, ndipo akatangaza kwamba siku hizi wanachapa kwa wino mbovu. Halafu taa za magari zikaanza kuota manyoya. Halafu Jumapili moja alivua kofia mbele ya kanisa, akainama kwa adabu na kumtakia Mchungaji asubuhi njema, na mkewe Majken akamvuta mkono.

"Hiyo ni pampu ya maji, Sixten."

"Najua."

"Umeiamkia pampu, mume wangu. Huo ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili." Majken alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, hakuwa mtu wa kubahatisha. "Unaingia hospitali asubuhi, mchana uko hapa unakunywa kahawa. Unaogopa nini?"

Alijua vizuri anachoogopa. Daktari angeanza kwa kumwambia asiendeshe gari. Msakaji asiyeendesha gari hafiki, na msakaji asiyeona hapewi bunduki. Chama kingemwondoa kwenye orodha, kwa upole, pengine kwa keki, na mtu wa miaka sabini na mbili jina lake likishatoka kwenye orodha haliandikwi tena. Basi Majken alimwekea miadi ya daktari wa macho, Sixten akaifuta. Akamwekea nyingine, akaifuta. Mara nne. Majken hakugombana. Kila mara alipiga simu hospitali upya, kama mtu anayepanda tena mbegu zilizoliwa na kuku.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na huyu wa kwetu hakuwa akiona hata la mwenzake.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mapema asubuhi, Sixten aliingia garini kwenda kununua mikate ya mdalasini. Alipenda kwenda mapema kwa kuwa barabara ilikuwa tupu, na barabara tupu aliweza kuiendesha kwa kichwa: kona ya kinu, daraja, ukuta wa mawe, msitu pande zote mbili, duka. Mwezi wa Mei, kumbuka, ndio mwezi ambao kulungu jike huwafukuza watoto wake wa mwaka jana ili azae wengine, na vijana hao huzurura hovyo wasijue waende wapi. Nani alilifundisha hilo kila Aprili, kwa picha na ramani? Haya.

Jua lilikuwa usoni kwake, ulimwengu mzima mweupe kama maziwa. Alipita kona ya kinu. Alipita daraja. Alikuwa akijipongeza kwa kukumbuka ukuta wa mawe ulipo wakati gari lilipopiga kitu, *du!*, likatikisika, na usukani ukamgonga kiganjani.

Alisimamisha gari. Mikono ilikuwa bado kwenye usukani.

"Jiwe," alijiambia kwa sauti.

Alishuka. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imevunjika, bampa limening'inia, na kwenye ufa wa plastiki yalinasa manyoya ya kahawia. Aliyagusa kwa vidole, maana kwa macho asingeapa. Hakuna jiwe lenye manyoya. Barabarani hapakuwa na mnyama, kwa hiyo mnyama alikuwa amekimbia, na mnyama aliyekimbia baada ya kipigo kama kile amekimbia na mfupa uliovunjika. Hilo Sixten alilijua hata usingizini. Bunduki ilikuwa nyumbani, imefungiwa kabatini. Doris alikuwa nyumbani, amelala juu ya kiatu.

Shetani alikuja hapo hapo, hakukawia. *Nenda nyumbani. Chukua mbwa, chukua bunduki, rudi, msake, mmalize, mzike. Msakaji ni wewe. Nani atajua?* Lakini Majken angeliona bampa. Na hata kama asingeliona, kwenda na kurudi ni nusu saa, na nusu saa kwa mnyama aliyevunjika ni ndefu. Sixten aliapiza, akatoa utepe wa njano kwenye sanduku la gari, akaufunga kwenye nguzo ya ukingoni kama sheria inavyotaka, kumwonyesha msakaji mnyama alikoingia: upande wa kulia. Kwa nini kulia? Kwa sababu nguzo ilikuwa kulia. Kisha akapiga nambari ya dharura, wakamuunganisha na polisi.

"Umegonga mnyama gani, bwana?" aliuliza mwanamke.

"Kulungu."

"Ulikuwa kwenye mwendo gani?"

"Sikuwa naenda kasi," alisema Sixten.

"Ilikuwaje?"

"Alitoka ghafla."

Alijisikia akisema. Ilikuwa kama kwikwi, inakutoka kabla hujaiziba. Akajikaza kisabuni, akajiambia sasa nitasema ukweli.

"Na ulimwona alikokimbilia?"

"Nilimwona vizuri," alisema Sixten. "Dume, wa mwaka mmoja hivi. Alitoka kushoto akaingia kulia, kwenye misonobari. Hakuonekana kuumia sana."

Uongo wote, wa kwanza hadi wa tatu, kwa mpangilio wake, kama alivyoufundisha. Hata vidole vilikuwa vimejiinua vyenyewe.

"Asante. Baki hapo hapo, usiingie msituni. Ngoja nimpigie msakaji wa zamu."

Na katika mfuko wa pili wa koti la Sixten, simu ya zamu ikalia.

Ililia kwa mlio ule wa tarumbeta aliouchagua mwenyewe, ili asipitwe na simu hata akiwa bafuni. Ililia mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Bwana?" alisema yule mwanamke kwenye simu ya kwanza. "Nasikia simu inalia hapo ulipo."

"Ndiyo."

"Hupokei?"

"Nikiipokea nitaongea na wewe."

Tarumbeta ikakatika.

"Jina lako nani, bwana?"

"Sixten Ljunghed."

"Sixten yule aliyekuja kutufundisha hapa kituoni mwezi uliopita?"

"Huyo huyo."

Alisikia kiganja kikiziba simu, na nyuma ya kiganja sauti za watu wasiopungua watatu. Mwanamke aliporudi alikuwa akijitahidi sana sauti yake isicheke. "Samahani. Kanuni ya chama chenu inasema aliyegonga hasaki."

"Naijua. Niliiandika mimi."

"Basi anayefuata kwenye orodha ni Ylva Brandell."

"Hakuna mwingine?"

"Yupo mmoja, lakini yuko Ujerumani kwa mwanawe. Pole, mzee. Ylva anakuja."

Sixten alikaa juu ya ukuta wa mawe. Kati ya wanadamu wote wenye mbwa na bunduki katika wilaya nzima, Ylva Brandell!

Oktoba iliyopita Ylva, msaidizi wa daktari wa meno, alikuwa amemgonga kulungu jike si mbali na hapo. Sixten alipofika alimkuta amepiga magoti kwenye majani makavu, analia mpaka pumzi inakatika, na alifanya nini? Aliweka mikono nyuma. "Hakuna mnyama anayetokea ghafla," alimwambia. "Kuna dereva asiyetazama." Ylva aliinua uso, akamtazama kwa muda, akauliza, "Umemaliza?" Basi. Siku zilizofuata alijiandikisha kwenye mafunzo ya usakaji, akanunua mbwa, akafaulu. Alipokabidhiwa kizibao mwezi wa Machi, wengine walimpigia makofi. Sixten alisema, "Tutaona."

Wakati akilitafuna hilo, trekta lilikuja likipunguza mwendo. Lilikuwa la jirani yake Tage, mfuga ng'ombe, mtu ambaye ukimwambia habari asubuhi kijiji kizima kimeshiba habari hiyo kabla ya chakula cha mchana.

"Naona utepe!" Tage alipaza sauti kutoka juu. "Nani kagonga?"

"Dereva mmoja."

"Yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa."

"Umempa mahubiri yake?"

"Bado."

"Mpe, mpe, usimwonee huruma! Watu hawatazami siku hizi, wanacheza na masimu..." Macho ya Tage, ambayo yalikuwa mazima kabisa, yalishuka mpaka kwenye bampa. Yakarudi kwa Sixten. Yakarudi kwenye bampa. "Ah! Sixten! Wewe?"

"Nenda zako, Tage."

"Alitoka ghafla?" aliuliza Tage, na hapo cheko likamshinda, akalala juu ya usukani, mguu ukamteleza, trekta likazima. Ilimchukua muda kuliwasha. Alipoondoka Sixten aliendelea kumsikia akicheka mpaka kwenye kona ya kinu. Mkuki kwa nguruwe, Sixten aliwaza. Akamalizia mwenyewe: kwa binadamu mchungu.

Ylva alifika na gari lake dogo, mbwa nyuma. Alivaa kizibao, akabeba bunduki, akamfunga mbwa kamba ndefu. Mbwa aliitwa Loke, kijana bado, masikio makubwa, anatetemeka kwa hamu ya kazi. Sixten alisimama wima akaungoja mkuki wake.

"Habari za asubuhi, mzee," alisema Ylva. "Umeumia?"

"Hapana."

"Vizuri." Alitoa fomu. "Nieleze basi."

Hakuna zaidi. Wala tabasamu. Ingekuwa tabasamu angejua la kufanya nalo. Sixten alikohoa, na badala ya kusema la maana alisikia mdomo wake ukirudia hadithi ile ile, safari hii kwa nakshi: dume, mwaka mmoja, vipembe vya urefu wa kidole, alitoka kushoto, akaruka mara mbili, akaingia kulia palipo na utepe. Unamwona mtu anajichimbia shimo, unataka kumnyang'anya koleo, na koleo linanogewa.

"Ulimwona vizuri," alisema Ylva akiandika.

"Nilimwona vizuri."

Ylva alimpeleka Loke kwenye utepe. Mbwa alinusa, akageuka, akavuta kuelekea barabarani. Ylva akamrudisha. Waliingia kwenye misonobari. Sixten alibaki kando ya gari kama kanuni yake ilivyotaka, akisikia matawi yakivunjika, na sauti ya Ylva, "Saka, Loke, saka, mwanangu." Walizunguka. Walitoka. Waliingia tena mbele kidogo. Loke akatoka akivuta barabarani kwa mara ya pili, akivuka kuelekea kushoto, na Ylva akamrudisha kwa nguvu zaidi.

Dakika ishirini. Dakika thelathini. Sixten alikuwa akitazama saa aliyoweza kuiona kwa kuiweka puani tu. Kila dakika aliihesabu kwa mfupa wa mnyama.

Mwishowe Ylva alitoka msituni, majani kwenye nywele, uso umewaka. Alipiga goti mbele ya mbwa wake.

"Una nini leo? Eh? Una nini?" alimwambia. Kisha akamgeukia Sixten. "Hakuna hata tone la damu, mzee. Anakimbilia upande mwingine tu. Mara tatu nimemrudisha. Labda nilijidanganya, labda huyu hafai kazi hii. Labda hata mimi." Alipangusa pua kwa mkono. "Nitawaambia polisi waite msakaji wa wilaya ya jirani. Atachukua saa nzima, lakini nifanyeje."

Loke, masikio yameshuka, alikuwa bado ametazama kushoto.

Sixten alitazama huko huko. Aliona kijani, na juu ya kijani weupe. Mbwa alikuwa amesema ukweli tangu mwanzo, na msichana huyu alikuwa amemkana mbwa wake mwenyewe mara tatu kwa sababu Sixten Ljunghed, msakaji wa miaka ishirini na sita, amesema kulia. Akinyamaza, jina lake linabaki kwenye orodha. La mbwa linatoka, la Ylva linafuata, na yule mnyama anaendelea kulala mahali fulani akihema. Hiyo ndiyo bei. Aliona aibu mpaka masikio yakamuuma.

"Mwache mbwa," alisema.

"Nini?"

"Mwache aende anakotaka. Sikuona."

"Hukuona alikoingia?"

"Sikuona kitu, Ylva. Sikumwona akitoka, sikumwona akikimbia. Sijui kama ni dume. Sijui kama ana pembe au ana kofia. Nilisikia kishindo tu. Kulia nilisema kwa kuwa nguzo ilikuwa kulia."

Ylva alisimama pole pole. "Taa yako iliyovunjika ni ya kushoto," alisema. "Niliiona nilipofika. Nikajiambia, mzee Sixten anajua."

"Mzee Sixten ni mjinga."

"Na mimi hapa, unaniona?"

"Nakiona kizibao," alisema Sixten. "Uso nakisia."

Alitegemea amfokee. Angestahili. Ylva alilegeza kamba, na Loke akavuka barabara kama aliyefunguliwa jela, akaruka mtaro, akaingia kwenye majani ya upande wa kushoto, pua chini. Hatua ishirini ndani alisimama juu ya jani lenye damu, akamgeukia Ylva amwangalie.

"Ewe mtoto mzuri," alisema Ylva. "Nisamehe. Nisamehe kabisa." Kisha, bila kugeuka, "Njoo na wewe, mzee. Kanuni tutaizungumza baadaye. Shika mkia wa kamba, utembee nyuma yangu, utazame chini usianguke."

Basi Sixten alifuata, ameshika kamba nyuma ya watu wawili waliokuwa wakiona, mmoja wao mbwa. Alijikwaa kwenye mizizi. Alikanyaga maji. Miaka yote alikuwa mbele ya kamba, hakujua kwamba nyuma yake mtu hujisikia mzigo hivi. Walikwenda labda mita mia mbili, mpaka kwenye rundo la mawe ya mashamba ya zamani, na hapo Loke akalala chini bila kubweka, kama alivyofunzwa.

"Yuko hapa," alinong'ona Ylva. "Jike. Wa mwaka jana, mdogo. Mguu wa nyuma umekwisha. Yu hai."

Sixten hakumwona. Alimsikia: pumzi fupi fupi, kavu, haraka. Alikuwa amehema hivyo tangu asubuhi, na nusu saa nzima kati ya hizo pumzi ilikuwa ya Sixten, ya mkono wake.

"Rudi nyuma kidogo," alisema Ylva. Bunduki ililia mara moja. Baada ya hapo msitu ulikuwa kimya, na Sixten akagundua amevua kofia. Safari hii hakukosea wa kumvulia.

Barabarani Ylva alijaza fomu juu ya boneti. Sixten alimsubiri. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, akachoka kusubiri.

"Sema basi," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Unajua. Yale maneno. Oktoba nilikwambia ukiwa umepiga magoti. Sema, ni haki yako."

Ylva alimtazama. "Hayo ni yako, mzee. Mimi sikuyachukua." Akaligeuza jani la fomu. "Hapa wanauliza: dereva aliona nini?"

Sixten alishusha pumzi. "Andika: hakuona. Halafu chini, kwenye maelezo, andika macho ya dereva yana ugonjwa, na dereva alijua."

Kalamu ilisimama. "Nikiandika hivyo unajua kitakachofuata."

"Najua. Andika kabla sijapata akili nyingine."

Aliandika. Sixten alitoa funguo za gari mfukoni, akampa. Akatoa simu ya zamu, akaishika kidogo, akampa nayo.

"Mlio wake ni wa tarumbeta," alisema. "Unaweza kuubadilisha."

Majken alikuwa dirishani wakati gari dogo lilipoingia uani. Alimwona mumewe akishuka upande wa abiria. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa, Sixten hakuwahi kupanda upande huo, hata siku alipovunjika kiwiko. Majken alimtazama Ylva, akatazama buti zilizolowa, akaweka vikombe vitatu mezani.

"Mikate hakuna," alisema Sixten.

"Naona."

"Nimegonga kulungu. Mdogo. Sikumwona kabisa, Majken." Akakaa chini ghafla kwenye kiti, na Doris akaja akamlalia mguuni. "Nikadanganya. Nikamtesa."

Majken alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Ylva alijifanya anasoma kalenda ukutani.

"Hospitali utakwenda?" alisema Majken baadaye.

"Si nilifuta?"

"Ulifuta ya nne. Nikaweka ya tano. Alhamisi saa nne."

"Alhamisi saa nne," alisema Sixten. "Utaendesha wewe."

"Nilikuwa nimeshapanga niendeshe mimi hata kama ungekuwa umefungwa kamba nyuma."

Ylva alicheka, akajizuia, akashindwa, na Majken akacheka naye, na Sixten, ambaye alifikiri ameshachekwa vya kutosha siku hiyo, alikuta anacheka mwenyewe. "Tage ameshajua," alisema. "Sasa hivi hata ng'ombe wake wanajua."

Walikuwa kwenye kikombe cha pili tarumbeta ilipolia.

Sixten alisimama. Alikuwa ameshavuka jikoni, ameshavaa buti moja, mkono umeshika ndoana ya kizibao, ndipo alipokumbuka. Akabaki hapo na buti moja na soksi moja. Ylva aliongea na simu dirishani, maneno mafupi. Majken alianza kuosha sahani safi.

"Barabara ya shule," alisema Ylva alipomaliza, akifunga kizibao chake. "Kulungu, amekimbilia bondeni. Dereva yupo pale, polisi wanasema analia vibaya, haeleweki." Alimwita Loke. Mlangoni akageuka. "Mzee. Mimi na mbwa tunatosha msituni. Lakini sina mtu wa kukaa na dereva. Unakuja?"

Sixten alitafuta buti ya pili kwa mguu.

"Ila ukihubiri," alisema Ylva, "nakuacha huko huko urudi kwa miguu."

Dereva alikuwa mwashi, jitu la mtu, viganja kama makoleo, amekaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya gari lake la kazi, kichwa katikati ya magoti, mabega yakiruka. Ylva aliongea naye, akapata alichotaka, akaingia bondeni na Loke. Sixten alibaki amesimama mbele ya yule mtu. Mikono yake, bila kuagizwa, ilikuwa imekwenda nyuma ya mgongo.

"Sikuwa naenda kasi," alisema mwashi bila kuinua uso. "Nakuapia. Alitoka ghafla."

Maneno ya miaka ishirini na sita yalipanda mpaka kwenye ulimi wa Sixten, yakakaa tayari. Aliitoa mikono nyuma.

"Wangu mimi leo asubuhi sikumwona kabisa," alisema. "Sogea kidogo, nikae."